Kazi nje ya nchi, vibali na hifadhi ya wakimbizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Maswali haya ndiyo yanayoletwa zaidi na watu wa Arusha, Moshi, Hai, Rombo na Longido. Yanaulizwa na mabinti na vijana wanaoitwa Uarabuni, wanaovuka Namanga na Holili kutafuta riziki Kenya, waajiri wenye wafanyakazi wageni, na wenyeji waliobishiwa hodi na mtu aliyekimbia vita. Tunaanza na lile linaloumiza watu wengi zaidi.

Wakala anasema nisafiri kwa visa ya matembezi, nikifika itabadilishwa iwe ya kazi. Niende?

Usiende. Ukishuka ndege kwa visa ya matembezi, kwenye kumbukumbu za nchi ile wewe si mfanyakazi bali mgeni. Mwajiri hajasajiliwa juu yako, mkataba haupo kwenye mfumo wa wizara yao ya kazi, na ubalozi wetu haujui kama upo. Siku mshahara ukikatwa, ofisi ya kazi itakuuliza namba ya mkataba uliosajiliwa, nawe huna. Visa ikiisha, faini huanza kujilimbikiza, na mara nyingi faini hiyo ndiyo kamba anayokufungia mwajiri: "Ukitoka hapa utakamatwa."

Dalili ipo kabla hujaondoka. Wakala wa namna hii hukufundisha majibu ya kumpa ofisa uhamiaji pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro: sema unamtembelea shangazi, usitaje kazi, mkataba uuache nyumbani au uufiche chini ya begi. Kazi halali haihitaji kufichwa kwa ofisa wa nchi yako. Ukishaambiwa udanganye uwanjani, umeshajua biashara ni ya namna gani, na ofisa akikuzuia kupanda ndege siku hiyo amekusaidia, hata kama tiketi imepotea.

Utaratibu halali ukoje, hatua kwa hatua?

Kwanza hakikisha wakala ana leseni hai. Mawakala binafsi wa ajira wanasimamiwa na wizara yenye dhamana ya kazi, chini ya sheria ya huduma za ajira ya mwaka 1999 na kanuni za mwaka 2014. Wakala wa serikali wa huduma za ajira, TaESA, ndiye wa kumuuliza kama jina ulilopewa lipo kwenye orodha. Uliza kwa jina la kampuni, si kwa jina la mtu aliyekupigia simu. Leseni ya biashara ya halmashauri, ile iliyoning'inizwa ukutani kwenye fremu, haimpi mtu ruhusa ya kupeleka watu nje.

Pili ni pasipoti. Unaomba kwa mtandao kwenye tovuti ya Uhamiaji, unapata kontroo namba, unalipa, unachapisha fomu na kwenda ofisi ya uhamiaji ya mkoa kwa alama za vidole. Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza Januari 2018, inadumu miaka 10. Andaa cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa au namba yake, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo badala yake, picha ndogo, na ushahidi wa sababu ya safari. Kwa anayekwenda kazini ushahidi huo ni mkataba au barua ya ajira. Hapo ndipo anayeficha mkataba hujikwaa mara ya kwanza.

Tatu, mkataba: uusome, uulize, usaini, upitishwe na mamlaka ya kazi hapa na ubalozi wetu kule. Nne, vipimo vya afya. Nchi za Ghuba zina vituo vyao walivyoviidhinisha, na cheti cha hospitali nyingine hakikubaliwi hata kama ni hospitali kubwa kiasi gani. Usikimbilie kupima kabla mkataba haujathibitishwa, kwani majibu yana muda wa kuisha, na mwajiri akichelewa utapima upya. Chanjo ya homa ya manjano ipate mapema. Cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, kwa hiyo anayekuambia kadi yako "imeexpaya" baada ya miaka kumi anataka hela. Visa na tiketi ndizo za mwisho. Anayeanza na tiketi ameanza kinyumenyume.

Jina langu kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA) halifanani na la cheti cha kuzaliwa. Je, itanikwamisha?

Ndiyo, na kwa upande wetu huu hili ndilo linalochelewesha watu kuliko kitu kingine chochote. Mtoto alizaliwa, akabatizwa jina moja, cheti cha kuzaliwa cha RITA kikatolewa miaka mingi baadaye kwa jina jingine, na NIDA wakaandika walichosikia. Chukua mfano: cheti kinasema Anna Elibariki Mushi, NIDA inasema Ana Elbariki Mushi, cheti cha shule kinasema Anna E. Mushi. Kwa jirani huyo ni mtu mmoja. Kwenye mfumo wa pasipoti ni watu watatu.

Amua kwanza jina lipi litabaki, kisha rekebisha mengine yalifuate. Mara nyingi ni rahisi kuanza na cheti cha kuzaliwa kilicho sahihi na kwenda nacho NIDA kurekebisha taarifa. Tofauti ya herufi hutatuliwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Usiombe pasipoti ukiwa na matumaini kwamba hawataona. Wataona, na jina likishachapwa kwenye pasipoti, visa, tiketi na akaunti ya benki vyote vitalifuata.

Nani analipa nini?

Msimamo wa Shirika la Kazi Duniani ni kwamba gharama za kumwajiri mtu zinabebwa na mwajiri: ada ya wakala, visa ya kazi, tiketi, vipimo. Mkataba namba 181 wa shirika hilo, wa mwaka 1997, unakataza mawakala kumtoza mfanyakazi ada ya moja kwa moja au ya mzunguko. Ya kwako ni nyaraka zinazobaki kuwa zako popote uendapo, kama pasipoti na vyeti.

Hatari kubwa zaidi ni deni. "Hutoi hata senti, tutakata kwenye mshahara" maana yake ni kwamba utafanya kazi miezi kadhaa bila kujua umelipa kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Ukiambiwa hivyo, dai yaandikwe kwenye mkataba: jumla ya deni, makato ya kila mwezi, na mwezi yatakapokoma. Wakala akikataa kuandika, achana naye. Na usiweke rehani kihamba, yaani shamba la migomba la familia, kwa ajili ya safari. Migomba ikishaandikwa jina la mkopeshaji, hata ukikuta mateso kule utaogopa kurudi.

Kwenye mkataba nisome mistari gani?

Anza na jina la mwajiri. Liwe jina la mtu au kampuni yenye anwani na namba ya simu, si la ofisi ya wakala wa kule. Kisha tazama mshahara na sarafu yake. Riyal ya Saudia na rial ya Oman zinafanana jina lakini thamani ziko mbali sana: rial moja ya Oman inazidi dola mbili na nusu za Marekani, wakati dola moja ni riyal 3.75 za Saudia. Watu wamesaini wakidhani wanasoma ile nyingine. Kisha: kazi gani, nyumba ya watu wangapi, mapumziko ya siku na ya wiki, chakula na malazi ni juu ya nani, tiketi ya kurudi ni ya nani mkataba ukiisha na ukivunjika, na muda wa majaribio ni miezi mingapi.

Sehemu inayopindishwa zaidi ni aina ya kazi. Umeambiwa mhudumu wa hoteli, mkataba wa Kiarabu unasema mfanyakazi wa ndani. Hiyo si tofauti ya maneno tu, kwa sababu nchi nyingi za Ghuba zinawaweka wafanyakazi wa ndani chini ya sheria yao ya peke yake, yenye kinga chache kuliko sheria ya kazi ya kawaida. Dai nakala yenye lugha mbili, mpe mtu asiyelipwa na wakala akusomee upande wa Kiarabu, na usisaini karatasi nyingine uwanja wa ndege wala ukifika. Mkataba wa pili unaoletwa ukiwa umechoka na safari huwa na mshahara mdogo kuliko wa kwanza.

Piga picha kila ukurasa. Mtumie dada, mama au kaka, naye ahifadhi mahali pengine mbali na simu yake.

Nchi za Ghuba zinatofautiana?

Zinatofautiana sana, na wakala atazungumza kana kwamba "Uarabuni" ni kijiji kimoja. Zote zimejengwa juu ya mfumo wa kafala, yaani ukaazi wako umefungwa kwa mdhamini wako, lakini ukali wake si sawa.

Qatar imelegeza zaidi kwenye karatasi. Tangu 2020 mfanyakazi haombi ridhaa ya mwajiri ili ahamie kwa mwingine, na tangu Machi 2021 kuna kima cha chini cha riyal 1,000 kwa mwezi kinachowahusu hata wafanyakazi wa ndani, na juu yake 500 za malazi na 300 za chakula pale mwajiri asipotoa vitu hivyo. Kuwait ina sheria ya wafanyakazi wa ndani ya mwaka 2015: umri miaka 21 hadi 60, siku ya mapumziko kila wiki, saa zisizozidi 12 kwa siku, na mwajiri haruhusiwi kushika pasipoti yako bila ridhaa. Falme za Kiarabu ilitunga sheria mpya mwaka 2022, na muda wa majaribio ni miezi 6. Saudia ilitangaza mageuzi yaliyoanza Machi 2021, ila wafanyakazi wa ndani hawakuingizwa. Mikataba yao hupitia mfumo wa mtandaoni wa Musaned, na mkataba usiokuwemo humo uuogope. Oman iliondoa mwaka 2021 sharti la barua ya mwajiri kwa anayemaliza mkataba na kutaka kuhama.

Sheria nzuri ndani ya nyumba iliyofungwa mlango haijisimamii yenyewe. Ila ukiijua, malalamiko yako ubalozini yanakuwa na pa kushikia.

Mwajiri amenyang'anya pasipoti na hanilipi. Nifanye nini?

Ukiweza, wasiliana na ubalozi kabla hujatoka ndani ya nyumba. Tanzania ina balozi Muscat, Riyadh, Abu Dhabi, Doha na Kuwait, na balozi ndogo Dubai na Jeddah. Wape jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, jina na simu ya mwajiri, na mahali ulipo. Kama hujui mtaa, tuma eneo kwa simu au picha ya kibao cha umeme kilicho kwenye ukuta wa nje, kwani mara nyingi huwa na namba ya nyumba.

Tunasisitiza hivyo kwa sababu mwajiri anaweza kukuripoti kuwa umetoroka. Ripoti hiyo ikitangulia malalamiko yako, ukaazi wako unaweza kufutwa na wewe ndiye unayetafutwa. Malalamiko yako yakitangulia, una cha kuonyesha. Lakini kama unapigwa, unashikwashikwa au unanyimwa chakula, usisubiri utaratibu: toka, nenda polisi au ubalozini, karatasi zitafuata. Usisaini karatasi ya "nimelipwa haki zangu zote" ili urudishiwe pasipoti, labda iwe njia pekee ya kuokoa maisha.

Na kazi za Canada, Uingereza, au "kompyuta Thailand"?

Canada: vibali vingi vya kazi vinahitaji mwajiri awe amefanyiwa tathmini ya soko la ajira, na ada yake ya dola 1,000 za Canada hairuhusiwi kudaiwa kutoka kwa mfanyakazi. Ukiambiwa uchangie, ni utapeli. Uingereza: mwajiri lazima awe kwenye orodha ya wadhamini ambayo iko wazi mtandaoni. Njia ya kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje ilifungwa kwa waombaji wapya tarehe 22 Julai 2025, hivyo anayekuuzia nafasi hiyo leo anakuuzia hewa. Thailand: vijana wanaojua Kiingereza na kompyuta huahidiwa kazi ya huduma kwa wateja, wakifika wanavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa ndani ya kambi za utapeli wa mtandaoni. Kazi inayokupeleka Bangkok kwa visa ya utalii, mshahara mnono, bila usaili wa maana, ikatae.

Kuvuka Namanga au Holili nahitaji nini?

Pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Kitambulisho cha NIDA hakitoshi. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 raia wao watumie vitambulisho, Tanzania haikujiunga. Mwananchi wa Afrika Mashariki hupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi 6 bila ada ya visa.

Namanga na Holili ni vituo vya pamoja. Ukienda Kenya unapita jengo la Tanzania bila kusimama, unagongewa mihuri miwili ndani ya jengo la upande wa Kenya: wa kutoka, kisha wa kuingia. Mgeni wa utaratibu huu hupata mmoja na kuondoka. Miezi mitatu baadaye anaonekana hajawahi kutoka Tanzania, au hajawahi kuingia Kenya. Funua pasipoti kabla hujaondoka dirishani. Ukirudi kutoka Kenya utaulizwa pia kadi ya homa ya manjano. Njia za panya za Rombo kuelekea Loitokitok zinafaa mbuzi. Mtu anayetaka kufanya kazi na kudai mshahara anahitaji muhuri.

Si tuna soko la pamoja? Kwa nini bado naombwa kibali cha kazi Nairobi?

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilisainiwa hapa Arusha Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Haikufuta vibali, iliweka muda. Mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 anatakiwa kuomba kibali ndani ya siku 15 za kazi, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kibali cha kwanza ni hadi miaka 2. Kazi zilizofunguliwa zimeorodheshwa nchi kwa nchi, na orodha zinaegemea wenye taaluma na vyeti. Kazi za ndani na vibarua hazikulengwa, ingawa ndizo zinazovusha watu wengi zaidi. Huo ni upungufu wa Itifaki wenyewe, na sekretarieti yake iko hapa hapa mjini.

Nina mfanyakazi Mkenya au mzungu wa kujitolea. Kibali kimoja kinatosha?

Hapana. Viko viwili: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015, na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Cha kazi hutangulia. Wanaojitolea Moshi, kwenye vituo vya watoto na zahanati, huingia kwa visa ya utalii na kuanza kufundisha kesho yake. Kujitolea kunahesabiwa kuwa kazi, na taasisi iliyowapokea inaadhibiwa pamoja nao. Maombi hukataliwa zaidi kwa sababu tatu: hakuna ushahidi kwamba Mtanzania alitafutwa, maelezo ya kazi ni ya jumla mno, na hakuna mpango wa Mtanzania atakayerithishwa ujuzi.

Kuhusu biashara ni jambo jingine. Amri ya Julai 2025 ilizuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo huduma za fedha kwa simu, ufundi simu, saluni (isipokuwa za hotelini au za utalii), kuongoza watalii, na kununua mazao shambani. Faini yake ni shilingi milioni 10 au kifungo cha hadi miezi 6. Raia anayempa mgeni jina lake aendeshe biashara hiyo naye anakabiliwa na milioni 5 au miezi 3.

Mtu amekuja kwetu akisema amekimbia vita. Tumfiche?

Msimfiche, wala msimfukuze. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inampa siku 7 tangu aingie nchini kujitokeza kwa ofisa aliyeidhinishwa, ofisa mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Kwa hiyo mtendaji wa kijiji chako ni mlango halali, msindikize. Ombi lake hushughulikiwa na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Wizara ya Mambo ya Ndani. Aeleze alikotoka, lini, kilichompata na anachohofia akirudishwa. Nyaraka si sharti. Wakimbizi wengi hukimbia bila nyaraka.

Kinga yake ya msingi ni ibara ya 33 ya Mkataba wa Geneva wa 1951: harudishwi kwenye hatari. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ni mpana zaidi, kwani unamlinda hata aliyekimbia machafuko yanayovuruga usalama wa nchi bila yeye kulengwa binafsi. Arusha inahusika na historia hii: Mei 1979 mkutano wa Afrika nzima kuhusu wakimbizi ulifanyika hapa.

Mkimbizi anaweza kuajiriwa Arusha?

Kwa sheria, ndiyo: kibali cha kazi daraja E ni cha wakimbizi. Kwa vitendo ni vigumu. Wakimbizi wanatakiwa kukaa kwenye maeneo yaliyotengwa, kama kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na kutoka kunahitaji kibali cha muda. Mwajiri anayemchukua bila kibali anamweka mkimbizi hatarini kuliko anavyojiweka yeye.

Nimezaliwa mpakani, naambiwa si raia. Nina haki gani?

Kusanya ushahidi mapema: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya shule ya msingi, vyeti vya wazazi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua Machi 2018 katika shauri la Anudo Ochieng Anudo kwamba serikali iliyokuwa ikimtambua mtu kuwa raia ndiyo inayopaswa kuthibitisha kuwa siye. Alikuwa amekwama katikati ya mpaka wa Tanzania na Kenya, kila upande ukimkataa. Tangu Novemba 2020 mtu binafsi hawezi tena kuishtaki Tanzania moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, kwa sababu nchi iliondoa tamko lake la kuruhusu mashauri hayo. Iliyobaki wazi ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo inataka ufungue shauri ndani ya miezi 2 tangu kitendo kutokea au tangu ulipokijua. Usingoje barua ya pili.

Ndugu yetu Oman hajapatikana kwa simu wiki kadhaa. Tuanzie wapi?

Kituo cha polisi cha wilaya, mkiwa na nakala ya pasipoti, mkataba, jina la wakala na risiti zozote za malipo. Dai namba ya jalada. Namba hiyo pelekeni wizara ya mambo ya nje na ubalozi Muscat, na kama kuna dalili ya usafirishaji haramu, sekretarieti ya kupambana na biashara hiyo iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Sheria yake ni ya mwaka 2008. Msimtishie wakala kwa simu kabla ya kwenda polisi, maana atazima laini na kuhama ofisi. Na akipatikana ndugu, muulizeni kwanza yuko na nani chumbani kabla hamjaanza kumuuliza mengine.